Kaptula ya mbunge na mifuko ya hela za kampeni Marekani

Machi 2015, Duncan Hunter, mbunge wa Republican kutoka California, alikuwa anataka kununua kaptula. Kaptula tu, si gari wala nyumba, ila hela yake mwenyewe ilikuwa imekata, akamwambia mkewe Margaret, ambaye huyohuyo ndo alikuwa akilipwa kuendesha kampeni yake. Mke, kwa mujibu wa hati ya mashtaka iliyokuja kutoka baadae, akampa maarifa: kanunue kwenye duka la pale uwanja wa gofu, ili kwenye vitabu tuandike ni mipira ya gofu ya wanajeshi waliojeruhiwa vitani.

Hebu irudie taratibu hiyo.

Wengi wakisimulia kesi ya hawa wawili, walioshtakiwa kwa kutumia hela za kampeni kwa mambo yao binafsi, wanaanza na sungura, manake ni kweli kuna zaidi ya dola 600 za wachangiaji ziliishia kwenye gharama za ndege za sungura wa familia, au wanaanza na likizo ya Italia iliyopita dola 14,000. Mi naona kaptula ndo inasema kitu. Mtu anayeibadilisha kaptula jina anaijua sheria, hajachanganya kadi wala hajapitiwa, anajua kabisa kuna orodha ya yaliyokatazwa mahali, nguo zimo kwenye hiyo orodha na mipira ya kuwapa wanajeshi haimo.

Orodha ipo kweli na nataka tuiongelee, kwa sababu stori za hela za siasa za Marekani zinatufikia kwa sura mbili tu, ama "kule sheria kali bwana, mbunge anafungwa kwa kaptula" ama "kule matajiri wananunua serikali nzima na hakuna wa kuwagusa". Sura zote mbili ni za kweli tena kwa wakati mmoja. Siri yake ni kwamba sheria yao haiulizi sana hela imenunua nini, inauliza kwanza hela imetoka mfuko gani, na mwanasiasa wa kule akishakomaa kidogo anakuwa na mifuko kadhaa.

Tuanze na mfuko uliobanwa, yaani kamati ya kampeni ya mgombea mwenyewe. Hapa mchangiaji mmoja mmoja ana kikomo, kwa msimu wa 2025 na 2026 ni dola 3,500 kwa kila uchaguzi, na kura za mchujo ndani ya chama zinahesabika peke yake na uchaguzi mkuu peke yake, kwahiyo mtu anaweza kutoa 7,000 kwa mgombea mmoja. Ukidondoka kwenye mchujo, zile ulizopewa kwa ajili ya uchaguzi mkuu si zako, una siku 60 za kuzirudisha au kupata ruhusa ya mchangiaji uzihamishie kwingine. Kampuni hairuhusiwi kutia hata senti humu, wala raia wa kigeni asiye na ukaazi wa kudumu.

Kwenye kutumia kuna swali moja ambalo ndo roho ya sheria yote: je, gharama hii ingekuwepo hata kama usingegombea na usingekuwa na hicho cheo? Kama jibu ni ndiyo basi hiyo ni ya kwako, lipa mwenyewe. Kodi au mkopo wa nyumba unayoishi, ni ya kwako. Vyakula vya nyumbani, ada ya mtoto, gym, likizo, tiketi za mechi zisizohusiana na kampeni, zote za kwako. Nguo za kwako, isipokuwa vitu vidogo kama fulana na kofia zenye maandishi ya kampeni. Hadi mazishi yametajwa, huwezi kumzika mtu kwa hela ya wachangiaji labda awe mfanyakazi wa kampeni aliyefia kazini. Ukisoma unaona kabisa kwamba kila mstari umeandikwa kwa sababu kuna mtu alishawahi kujaribu, au alikuwa anakaribia kujaribu.

Alafu kuna yale ambayo hayana jibu la moja kwa moja, wanayaangalia kesi kwa kesi: mawakili, safari, chakula cha mahotelini, gari. Hapo ndo alinasa seneta Larry Craig wa Idaho. Mwaka 2007 alikamatwa kwenye choo cha uwanja wa ndege wa Minneapolis, kwenye mtego wa polisi, akakiri kosa dogo la kuvuruga utulivu, kisha akajuta akataka kufuta kukiri kwake na mawakili wakaanza kula hela. Bili akazipeleka kwenye akaunti ya kampeni. Hoja yake haikuwa ya kijinga ukiifikiria, alisema nilikuwa kwenye safari ya kikazi, nisingekuwa seneta nisingepita uwanja ule siku ile. Mahakama ikasema safari ni ya kikazi sawa, lakini ulichoshtakiwa nacho hakihusiani na useneta, na mwaka 2014 akaamriwa kulipa dola 242,535, sehemu kubwa ikiwa ni hela aliyowalipa hao mawakili na zilizobaki faini. Akakata rufaa, 2016 akashindwa tena.

Kwahiyo swali lile lina meno. Na si meno ya kung'ata tu, kuna wakati limefungulia watu njia. Mwaka 2018 Liuba Grechen Shirley, mama wa watoto wadogo aliyekuwa anagombea ubunge New York, aliwauliza wakubwa wa Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, ile inayoitwa FEC, kama anaweza kumlipa mlezi wa watoto kwa hela ya kampeni. Kwa kusoma harakaharaka ungesema hapana, watoto ni wako, ungekuwa nao hata usingegombea. Lakini gharama ya kumlipa mtu akae nao wakati wewe uko kwenye mikutano imeletwa na kampeni yenyewe. Wakakubali. Na kuanzia Machi 2024 mgombea asiye na cheo cha shirikisho anaweza kujilipa mshahara kutoka kwenye kampeni, hadi nusu ya mshahara wa mbunge, yaani 87,000 kwa mwaka kwa vile mbunge analipwa 174,000, au wastani wa alichokuwa anaingiza miaka mitano ya nyuma, kinachukuliwa kilicho kidogo. Mi naiona hii ni haki, manake bila hivyo anayeweza kuacha kazi mwaka mzima akapige kampeni ni tajiri au mstaafu tu, ingawa najua kuna watakaogombea kila msimu kama ajira.

Lakini hata kwenye huu mfuko uliobanwa kuna sehemu hela inatoka mkono wa kushoto inaingia mkono wa kulia na risiti ipo safi kabisa. Ndugu wa mgombea anaweza kulipwa mshahara mradi anafanya kazi ya kweli na malipo ni ya bei ya soko. Jengo la mgombea, kama si nyumba anayoishi, kampeni inaweza kulikodi kwa bei ya soko. Kampeni ya Trump ya 2016 ilikuwa inalipa kodi ya ofisi ndani ya Trump Tower na kufanyia shughuli kwenye hoteli na klabu zake mwenyewe. Ulichangia ili ashinde, sehemu ikawa mapato ya biashara zake. Bei ya soko anaijua nani? Hapo ndo utamu ulipo.

Sasa mfuko wa pili. Unaitwa PAC ya uongozi (PAC ni kamati ya kukusanya na kutumia hela za siasa), na jina lenyewe linasikika kama semina ya vijana. Wazo lilianza kupata umaarufu mwishoni mwa miaka ya 1970 na lilikuwa rahisi: mbunge anayetaka kupanda ngazi ndani ya bunge anaanzisha kamati ya pembeni, anachangisha, anawagawia wabunge wenzake hela za kampeni zao, siku ya kugombea uenyekiti wa kamati anawakumbusha. Kununua urafiki, tena kwa njia halali. Mchangiaji anaweza kuweka humo hadi dola 5,000 kwa mwaka, juu ya zile alizotoa kwenye kampeni.

Lile katazo la matumizi binafsi, lile la kaptula, FEC imelisoma siku zote kwamba linahusu michango ya kampeni ya mgombea, haijalipeleka kwenye PAC ya uongozi. Sentensi hiyo moja tu ya ufafanuzi ndo imefungua mahoteli ya kifahari, viwanja vya gofu, tiketi za michezo, chakula cha jioni cha maelfu ya dola, vyote vikiandikwa ni shughuli ya kuchangisha. Taasisi mbili za kufuatilia mambo haya, Issue One na Campaign Legal Center, zilipiga mahesabu mwaka 2018 zikakuta kwamba chini ya nusu ya matumizi ya PAC hizi ndo ilienda kwa wagombea na kamati nyingine za siasa, yaani ile kazi iliyoziumba. Nusu nyingine na zaidi ilibaki kwenye kuendesha maisha ya PAC yenyewe, na maisha ya PAC yanafanana sana na maisha ya mwenye PAC.

Mchukue Hunter na kaptula zake. Gofu ileile, hoteli ileile, ikilipwa na kadi ya kampeni unaweza kuitwa kwa hakimu, ikilipwa na kadi ya PAC unaandika "tukio la kuchangisha" maisha yanaendelea. Hunter hakuwazidi wenzake kwa kupenda raha, nadhani aliwazidi kwa kuwa na njaa, manake hati ya mashtaka inasema akaunti yao ya benki ya familia ilikwenda chini ya sifuri zaidi ya mara 1,100 ndani ya miaka 7 wakakatwa zaidi ya dola 37,000 za adhabu. Hao si watu wa kupanga mifuko, hao ni watu waliokuwa wanachota kwenye kilicho karibu.

Mfano mkubwa wa huu mfuko wa pili ni Save America ya Trump, iliyosajiliwa Novemba 2020 siku chache tu baada ya uchaguzi. Watu walitumiwa barua pepe juu ya barua pepe kwamba changia mfuko wa kutetea uchaguzi, na kamati ya bunge iliyochunguza uvamizi wa jengo la bunge wa Januari 6, 2021 ikaja kusema mfuko wenye jina hilo haukuwepo, hela nyingi ilikuwa inaingia kwenye PAC hii mpya. Baadae Save America ikalipa makumi ya mamilioni ya dola kwa mawakili kwenye kesi mbalimbali za Trump na watu wake. Mkumbuke Craig aliyetakiwa kurudisha za mawakili wake. Tofauti ni mfuko.

Na kuna mfuko wa chama pia. Mwaka 2008 chama cha Republican kilitumia zaidi ya dola 150,000 kumvalisha Sarah Palin na familia yake alipoteuliwa mgombea mwenza wa urais. Nguo, ambazo kwenye ile orodha zimepigwa marufuku waziwazi. Malalamiko yakapelekwa FEC yakatupwa, kwa kuwa hela ilikuwa ya chama haikuwa michango ya kampeni ya mgombea. Super PAC sizigusi sana hapa, zenyewe tangu 2010 zinapokea kiasi chochote kutoka kwa mtu au kampuni mradi zisipange mambo pamoja na mgombea, na huo upande wa kupokea umeshaandikwa mpaka basi.

Mtu atauliza kwanini wasiweke tu kikomo cha matumizi, mambo yakaisha. Waliweka. Sheria ya 1974, baada ya kashfa ya Watergate, ilikuwa na kikomo cha kuchangia na kikomo cha kutumia. Januari 1976 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Buckley v. Valeo ikaacha kikomo cha kuchangia ikafuta cha kutumia, kwa hoja kwamba kumzuia mtu kutumia hela kwenye siasa ni kumzuia kusema. Tangu siku hiyo serikali haiwezi kuiambia kampeni umetumia mno, labda mgombea mwenyewe akubali kuchukua ruzuku ya umma. Kilichobaki mkononi mwake ni kuiambia hiki si kampeni. Ndo maana katazo la matumizi binafsi limebeba mzigo mkubwa hivi, upande wa kutumia limebaki karibu peke yake.

Na hilo lenyewe lilikuja kwa kusuasua kama mtoto anayetumwa dukani jua kali. Zamani mbunge wa Marekani akistaafu angeweza kuondoka na salio la kampeni kama kiinua mgongo. Marekebisho ya 1979 yakakataza, ila kwa wengine, manake waliokuwa bungeni tarehe 8 Januari 1980 walijiachia ruhusa yao wenyewe. Walioandika sheria ndo waliojitoa kwenye sheria! Ikachukua miaka mingine kumi, 1989, kuambiana haya basi, anayetaka kuondoka na hela aondoke kabla bunge jipya halijaanza Januari 1993. Mwaka 1992 wabunge wakastaafu kwa wingi usio wa kawaida, si wote kwa ajili ya hilo, kulikuwa na kashfa ya benki ya bunge na majimbo yamechorwa upya, ila tarehe ya mwisho ilikuwa inajulikana na kila mtu.

Siku hizi salio unaweza kulitoa sadaka kwa shirika la hisani, kukipa chama bila kikomo, kuwarudishia wachangiaji, kumpa mgombea mwingine hadi 2,000 kwa uchaguzi, au kuliacha limekaa. Hilo la kuliacha limekaa lina vituko vyake, kuna kampeni ya mbunge wa Hawaii aliyefariki 2016 iliendelea kumlipa mshauri wake zaidi ya mwaka baada ya mazishi. Kumshauri marehemu nini sijui.

Kuna na mlango wa madeni, huu hauongelewi sana na mi ndo unaonikera. Mgombea anaweza kuikopesha kampeni yake kisha kampeni imlipe. Sheria ilikuwa inasema zaidi ya dola 250,000 hazilipwi kwa michango iliyokuja baada ya uchaguzi, na sababu unaiona, ukishashinda kila anayekuchangia anamchangia mwenye cheo tayari, na kama hela inalipa mkopo wako basi inaingia moja kwa moja mfukoni kwako. Seneta Ted Cruz mwaka 2018, siku moja kabla ya kupiga kura, akaikopesha kampeni yake 260,000. Ziada ya 10,000, na hakuficha kwamba lengo ni kupata kesi. Mei 2022 Mahakama ya Juu ikampa ushindi kwa majaji 6 dhidi ya 3, kikomo kikafa. Kwahiyo kaptula ni kosa la jinai, ila mtu mwenye biashara na serikali kukulipia mkopo wako baada ya kushinda ni uhuru wa kusema.

Nani analinda hivi vyote? FEC ina makamishna 6, wa chama kimoja wasizidi 3, na uchunguzi wowote unataka kura 4. Imetengenezwa ili chama kimoja kisiitumie kumpiga mwenzake, nia nzuri, matokeo yake kesi nyingi zinaisha 3 kwa 3 zinawekwa kabatini. Mara nyingine hata hao 4 hawapo. Ilikuwa hivyo 2019 na 2020, na mwishoni mwa Aprili 2025 wakabaki 3 tena, maana yake hata wangekubaliana wote wasingeweza kufungua kesi. Jinai ni kazi ya Wizara ya Sheria, na wao wanataka kuthibitisha kwamba ulijua na ulikusudia, kitu ambacho kwa wengi ni kigumu, kwa kaptula iliyogeuzwa mipira kikawa chepesi.

Zaidi ya hapo ni risiti. Matumizi yanayozidi dola 200 yanahitaji risiti au ankara itunzwe, chini ya hapo mweka hazina anaandika tu kwenye daftari. Mbunge George Santos wa New York alipoanza kufuatiliwa, watu walikuta kwenye ripoti za kampeni yake makumi ya malipo ya dola 199 na senti 99. Mgahawani 199.99, hotelini 199.99, nauli 199.99. Ni kama mtu anayeruka ukuta kila siku kwa kuacha alama ya kiatu palepale. Ripoti ya kamati ya maadili ikaja na sindano za urembo za Botox na maduka ya kifahari ya Hermès, Desemba 2023 wenzake wakamfukuza bungeni, Aprili 2025 akahukumiwa zaidi ya miaka 7, na Oktoba mwaka huohuo Trump akampunguzia akatoka. Hunter naye alikiri 2019, akapewa miezi 11, Desemba 2020 akasamehewa kabla hajaanza kuitumikia. Katikati ya mashtaka yake, Novemba 2018, wapiga kura wake walikuwa wameshamrudisha bungeni, na sidhani hawakusikia habari za sungura.

Kuna kitu kimoja ambacho hata hii FEC inayogombana kila siku imekubaliana nacho. Kwenye mapendekezo inayoyapeleka kwa wabunge, makamishna wa pande zote mbili wameomba zaidi ya mara moja katazo la matumizi binafsi lipanuliwe lifike kwenye kamati zote za siasa, PAC za uongozi zikiwemo. Wa kulipitisha ni wabunge, na karibu kila mmoja mle ndani ana PAC yake.